Kivuli cha Dalati

Rukia na Kagwiria, wanafunzi wangu, ufunguo wa kabati la karatasi niliwaachia Ijumaa, lakini kuna mambo ambayo hayakuingia kabatini. Nayaandika hapa. Shule niliingia nikafika darasa la pili nikatoka, halafu nikarudi gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa na wajukuu, kwa hivyo mkiona kosa la herufi lipiteni vile mnapita mbuzi aliyelala barabarani. Majina sijasahau hata moja. Ni macho yaliyochoka. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Mimi nasema siku hizi ngazi ya tatu na ya nne za weusi zimekuwa kitu kimoja, na mtu anayechora kwa makaa asipoona tofauti ya tatu na nne, kazi yake imekwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nauza makaa hapa Isiolo, nyuma ya duka la picha la Mutuma. Nilitoka upande wa Garbatulla na mbuzi sita, nikafika na wawili, na mume wangu Guyo alikuwa ameshakufa. Mutuma alikuwa Mmeru mrefu, mkimya, mwenye shati moja la kazi lililokuwa jeupe zamani. Alipiga picha za kipande, yaani za kitambulisho, aliandika mabango ya maduka, na alichora watu. Unamletea ile picha ndogo ya kipande ya marehemu baba yako, yeye anaitoa kwenye karatasi kubwa ya kutundika ukutani. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kila Jumanne anakuja kuchakura gunia langu, anatoa vijiti vyembamba vya kuwashia tu, na makaa ya maana anayaacha.

"Wewe Mmeru," nikamwambia siku moja, "unachagua makaa kama mtu anayechagua bibi. Kwani unapika nini?"

"Napika watu."

"Wanaiva?"

"Wengine," akasema, akaenda na vijiti vyake.

Wiki iliyofuata akaniuliza kama naweza kumchomea vijiti vya kuchorea. Nikasema naweza, kwa sababu mtu anayeuza makaa hawezi kusema hajui makaa. Nikamchomea vya mgunga. Mgunga ni mti mzuri, moto wake unakaa mpaka asubuhi, lakini kijiti chake kigumu kama msumari. Mutuma alikuwa anamaliza shavu la marehemu mzee Lokwang, akapitisha kijiti changu mara moja, shavu likapasuka. Akakitazama kijiti, akanitazama mimi.

"Huyu alishakufa mara moja," akasema. "Usimuue tena."

Nilijaribu miti mingi. Mwishowe nikarudi kwa kile kichaka cha matunda madogo ambacho watoto wa Boran hula wakichunga, tunakiita deka. Unakata vijiti vya unene wa kidole cha mwisho, unavitoa ganda, unavipanga vimesimama ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, unajaza mchanga mkavu katikati, unafunga kwa udongo na kuacha tundu moja dogo. Unaweka kwenye moto. Moshi ukiacha kutoka kwenye tundu, toa kopo na usilifungue mpaka lipoe. Nyinyi wawili mnafungua haraka. Nimewaona. Mkifungua likiwa moto, hewa inaingia na mnabaki na majivu, na majivu hayachori.

Kwa hivyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa vijiti, na kufagia. Kuchora kulianza kwa sababu Mutuma alichoka na maswali yangu. Akanipa kijiti, akanipa nusu ya mfuko wa simiti, akaweka birika mbele yangu.

"Chora."

Nikachora birika.

"Hiyo ni birika unayoijua," akasema. "Sikukuambia uchore unayoijua. Chora hewa iliyo kati ya mkono wa birika na tumbo lake. Hewa ina umbo. Ukiipata hiyo, birika itakuja yenyewe."

Nilikaa na ile hewa miezi miwili. Wateja walikuwa wanauliza kama mama huyu anaumwa. Siku nilipoelewa, nilielewa kwa sababu ya mifugo. Sisi hatuhesabu ng'ombe kwa kidole. Jioni wakiingia boma unatazama tu, na kama mmoja hayuko unaona mahali pake, hapo kati ya huyu na yule, papo wazi. Nilikuwa nimechora hewa maisha yangu yote bila kijiti. Nikamwambia Mutuma. Akasema, "Basi umepoteza miezi miwili."

Baadaye zikaja ngazi. Mlizikuta ukutani mkadhani ni uchafu. Ni vile visanduku vitano: cha kwanza karatasi tupu, cha tano weusi mpaka mwisho, na vitatu vya katikati vinapanda polepole. Mutuma alisema kila kitu duniani kinakaa ndani ya visanduku vitano, ukibana macho. Kubana macho nilikuwa najua. Ndivyo unavyotazama ng'ombe walio mbali kwenye vumbi, unaacha pembe na mikia, unabaki na weupe na weusi. Ngazi ya tatu ni rangi ya majivu. Kwetu ng'ombe dume wa rangi hiyo ni dalacha, na jike ni dalati. Ndiyo ngazi ngumu kuliko zote, maana si nyeupe na si nyeusi, na ukiikosea hata mjinga anaona.

Na karatasi, msiipake tu. Ipitishieni ukucha kwanza, msikilize. Karatasi ya ofisi haisemi kitu, ni laini, kaa linateleza juu yake kama maji kwenye samli. Ya mfuko wa simiti inakwaruza sana, nzuri kwa ng'ombe mwenye manyoya mazito ya msimu wa baridi na mbaya kwa shavu la bibi harusi. Ile nzito ya kuchorea tuliyoagiza Nairobi iko katikati. Mkilaza kijiti ubavu mkapitisha kwa upole, kaa linashika vilima na kuacha mabonde, na mnapata ngozi bila kuchora hata unywele mmoja. Kufuta tulifuta kwa mkate, ile sehemu laini ya ndani. Kila kifutio cha duka hili kimeliwa na mtu wakati mmoja au mwingine. Mutuma alikula kimoja kikiwa na pua ya mtu.

Wapo waliosema kwamba mwanamke wa Kiislamu kuchora sura za watu haifai. Nilimwendea Maalim Adan nikamuuliza. Akafikiri, akasema kwa upande wake angependa zaidi nichore mifugo. Hivyo ndivyo mifugo ilivyokuwa kazi yangu na sura zikabaki za Mutuma. Wateja hawakukosekana. Mtu wa Merti ambaye dume wake amezeeka atalipia picha ya dume kabla ya picha ya mama mkwe.

Kitu cha mwisho ni maziwa. Kaa halikai lenyewe, ukilipuliza linaruka. Tulichukua maziwa yaliyotolewa siagi, tukayatia maji, tukayapuliza juu ya picha kwa pampu ya dawa ya mbu. Yakikauka, kaa limeshika na mkate hauwezi kulitoa tena. Pampu ioshwe. Mara ya kwanza haikuoshwa vizuri, na picha ya mzee Ekai ilinuka dawa mwaka mzima. Mjane wake hakulalamika. Alisema mbu hawaingii tena.

Maziwa hayo yalitoka kwa Kabale. Kabale alikuwa jirani yetu, mjane kama mimi, na baada ya ule ukame wa themanini na nne, kwenye boma lililokuwa na ng'ombe wengi, alibaki na mmoja. Jike la rangi ya majivu, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Dalati. Ndama wake alikuwa amekufa, lakini ukimpa chumvi mkononi alikubali kukamuliwa. Watoto wanne wa Kabale walikunywa kwa huyo mmoja, na kikombe cha duka kilitoka hapo hapo. Kila asubuhi alimkamua mlangoni petu, kwa sababu ukuta wetu ulizuia upepo.

Mvua zilipokuja, Dalati akaenda kulisha na ng'ombe wa majirani, jioni wakarudi wote isipokuwa yeye. Kabale alitafuta siku kumi. Siku ya kumi na moja akaingia dukani, watoto nyuma yake.

"Lokho, nichoree yeye. Jama amesema ataibandika kwa lori."

Jama ni yule dereva ambaye babu yake alikuja na jeshi la Waingereza, na lori lake lilikuwa karibu na umri huo. Alikwenda Garbatulla, Kinna, mpaka Merti. Picha ikibandikwa mlangoni mwa lori, kila soko lingeiona.

Nikachora. Sikuhitaji kumwona Dalati, nilikuwa nimemwona kila asubuhi akisimama mlangoni, jua limempiga mgongoni. Nikabana macho ndani ya kichwa changu. Mgongo nikauacha karibu mtupu. Ubavu ngazi ya tatu. Chini ya shingo na tumboni, mahali jua halikufika, nikashuka mpaka ya tano, weusi mtupu, na hapo ndipo ng'ombe akainuka kutoka kwenye karatasi, unahisi unaweza kumshika pembe. Chini ya goti la kushoto, alipowahi kukatwa na waya, nikaacha mstari mwembamba wa karatasi tupu. Mutuma akaja akasimama nyuma yangu. Alikuwa hajanisifu tangu siku ya gunia.

"Hii iko sawa," akasema.

Nikapuliza maziwa, ya mwisho ya Dalati, yaliyokuwa yamechacha kwenye chupa. Jama akabandika.

Baada ya wiki mbili Jama akarudi kutoka Kinna na karatasi mkononi.

"Ng'ombe ameonekana," akasema. Kabale akaanza kumshukuru Mungu. "Ngoja kwanza, mama. Yuko kwa mtu anaitwa Bonaya. Bonaya anasema ni wake, alipotea wakati wa ukame, sasa amerudi. Alama ya moto ni moja, nyinyi wote ukoo moja. Kwa hivyo wazee wakaangalia hii karatasi."

"Na wakasema?"

"Wamesema ng'ombe ya karatasi iko na shingo nyeusi na tumbo nyeusi. Hii ya Bonaya ni majivu yote. Kwa hivyo wewe unatafuta ng'ombe ingine."

Nikaitazama ile picha, nikaona walichokiona. Mtu wa Kinna akiona weusi kwenye ng'ombe, hiyo ni rangi. Ng'ombe wa rangi hiyo ana jina lake, ana mama yake, ana mtu aliyemtoa mahari. Mimi mwenyewe kabla ya Mutuma ningesema vivyo hivyo. Miaka kumi na zaidi dukani ilikuwa imenifanya nisahau vile watu wangu wanavyotazama.

"Mimi nilikupa maziwa, Lokho," Kabale akasema, "wewe ukanipakia ng'ombe masizi."

"Hicho ni kivuli, Kabale."

"Watoto wangu wanywe kivuli?"

Jama akasema wazee watakaa tena Alhamisi, na Kabale anaweza kuja, lakini aje na maneno mengine. Karatasi ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Nikaichukua picha kwa Mutuma. Nikajaribu kufuta kwa mkate mbele yake. Haikutoka. Maziwa ya Dalati mwenyewe yalikuwa yameishika.

"Umenifundisha vivuli," nikamwambia, "na vimekula ng'ombe."

Akaitazama. "Imechorwa vizuri."

"Hiyo ndiyo shida yake."

Akaenda kabatini akatoa karatasi moja nzuri, na kipande cha mfuko wa simiti cha kuikunjia. Akaniwekea na kijiti kimoja, kirefu, kile alichokuwa anakitunza. Ndivyo alivyokuwa. Kama mnataka mwalimu wa maneno mengi mngezaliwa mahali pengine.

Alhamisi tukashuka Kinna kwa lori la Jama, mimi na Kabale na ile picha. Wazee walikuwa wamekaa kando ya mfereji wa maji, karibu na shamba la ndizi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Jaldesa, na pembeni yake Mzee Dida, ambaye alikuwa haamini kitu mpaka akishike. Bonaya alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mpole, na ukimtazama unajua hadanganyi. Ukame ulikuwa umemwacha na fimbo tu. Halafu siku moja ng'ombe wa rangi ya majivu akaingia bomani kwake, na akaamini.

Baada ya salamu ng'ombe akaletwa, Kabale akamwita Dalati kwa jina. Dalati akaja. Bonaya akanyoosha mkono wenye chumvi. Dalati akaenda kwa Bonaya. Alikuwa ng'ombe mzuri lakini shahidi mbaya.

"Akoo," Mzee Jaldesa akaniambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita bibi mzee, "wewe ndiye ulichora hii?"

"Ni mimi."

"Basi unajua ng'ombe yako iko na tumbo nyeusi. Hii haina. Tusichoshane."

"Nipe muda wa chai moja," nikasema.

Ilikuwa saa nne, jua bado liko upande mmoja. Kando ya mfereji Mzee Jaldesa alikuwa amefunga mbuzi wake, mweupe pee, hana hata nukta. Nikakaa chini, nikakunjua karatasi ya Mutuma. Nikapitisha ukucha kwanza. Nikatafuta hewa iliyo kati ya miguu, nikaipata, mbuzi akaja. Mgongo sikuugusa. Tumboni nikalaza kijiti ubavu, nikashuka ngazi moja moja mpaka ya tano. Watu wa mifugo ukichora mnyama wao wananyamaza kuliko ukichora watoto wao.

Nikamwonyesha. "Huyu ni nani?"

"Mbuzi yangu," Mzee Jaldesa akasema.

"Una uhakika?"

"Akoo, mimi sijui mbuzi yangu? Hata hiyo pembe umekunja vile imekunja."

"Tumbo lake ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na hapa?"

Akatazama karatasi. Akatazama mbuzi. Wengine wakasogea.

"Hapa ni nyeusi," akasema polepole.

Mzee Dida akainuka, akamwendea mbuzi, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake, akakitazama kiganja. "Ni nyeupe," akawatangazia wote.

"Baneni macho," nikasema. Wazee saba wakabana macho kumtazama mbuzi mmoja. Mbuzi akaacha kutafuna.

"Ala," Mzee Jaldesa akasema. "Kwa hivyo hii nyeusi ni jua."

"Ni mahali jua halijafika."

"Na kwa nini hukusema?"

"Karatasi ilikuja na Jama. Mimi nilibaki Isiolo."

Jama akasema yeye ni dereva tu.

Nikaomba ile picha ya Dalati iletwe tena. "Weusi muuache," nikawaambia. "Tazameni mahali sikugusa. Chini ya goti, mguu wa kushoto. Hiyo ni karatasi tupu. Sikuisahau, niliiacha."

Bonaya ndiye aliyepiga magoti. Hakungoja kutumwa. Akafuta tope la mfereji kwenye ule mguu kwa kiganja chake, akatenganisha manyoya kwa vidole gumba. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kovu linavyohitaji. Angeweza kutuambia kwamba ni mwiba wa mwaka huu, au waya wa Kinna. Hakuna aliyekuwa na njia ya kubisha.

"Yangu hakuwa na hii," akasema. Akainuka. "Yangu alikufa. Sasa najua."

Mzee Jaldesa akasema ng'ombe arudi kwa Kabale, na Kabale akalia mara moja tu, kwa kifupi, kama mtu aliyepiga chafya. Tangu siku hiyo kila mnyama aliyepotea nilimchorea picha mbili: moja ya lori, rangi tupu bila jua, na moja ya ukutani. Nyinyi mnauliza kila siku kwa nini tunapoteza karatasi. Ni kwa ajili ya Mzee Dida.

Lori lilikuwa linaondoka baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa nakunja vitu vyangu Bonaya akaja, akasimama mbali kidogo.

"Akoo, karatasi imebaki?"

Kilichobaki ni kile kipande cha mfuko wa simiti.

"Nichoree yangu. Lakini bila hiyo kivuli. Nisije nikamkumbuka vibaya."

Nikamuuliza pembe. Akanionyesha kwa mikono yake. Nikamuuliza mkia, kifua, masikio, na kila kitu alikuwa nacho tayari, hakufikiri hata mara moja. Nilimpaka ngazi ya tatu peke yake, kutoka pua mpaka mkia, na karatasi ya simiti ikampa manyoya. Bonaya akachuchumaa akamtazama.

"Ni yeye," akasema. Halafu akanyoosha kidole bila kugusa. "Weka kidogo. Hapa chini ya shingo. Asubuhi alikuwa anasimama mlangoni, jua linatoka huku."

Nikaweka.

Nikamwambia picha itafutika njiani kama hakuna maziwa. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, sikuwa namwomba mtu. Kabale akachukua kikombe cha Jama, akaomba chumvi iliyobaki kwa Bonaya, akamwendea Dalati. Hapakuwa na pampu wala muda wa kutoa siagi, kwa hivyo nilipuliza kwa mdomo. Doa moja la mafuta likabaki begani mwa ng'ombe wa karatasi. Nikaomba radhi.

"Liache," Bonaya akasema. "Alikuwa nalo hapo hapo."

Sikumuuliza kama ni kweli.